Mieleka Isiyo na Ngwala

Mwezi Julai 1912, katika uwanja wa Olimpiki wa Stockholm, Sweden, wanaume wawili walikamatana na hawakuachiana kwa saa 11 na dakika 40. Mmoja aliitwa Martin Klein, mwingine Alfred Asikainen. Piga hesabu, msomaji wangu. Ukianza kushikana na mwenzako saa 2 asubuhi, jua linapanda, linafika utosini, linashuka, linazama, watu wanawasha taa, na ninyi bado mmekumbatiana kama mnaodaiana. Katika muda huo zingechezwa mechi saba za mpira na bado dakika 70 zingebaki. Walipewa mapumziko mafupi kila baada ya nusu saa, kisha wakarudishwa juani. Mwisho wa yote Klein akashinda.

Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza sikuwaza medali. Niliwaza kwetu Bukiriro, wilayani Ngara, ambako kila mtoto wa kiume aliyewahi kuchunga mbuzi anajua mieleka. Kule machungani mambo yalikuwa mafupi. Mnashikana, mnazungushana mara mbili, jamaa anakutia ngwala, uko chali unahesabu mawingu. Nani alikuwa na saa 11 za kushikana? Mbuzi wangekwisha kuingia kwenye maharage ya watu, na jioni ungepigana mieleka nyingine, safari hii na baba mwenyewe na fimbo yake.

Lakini wale wa Stockholm walikuwa na sababu ya kuchelewa. Mieleka yao ilikuwa ile inayoitwa ya Kigiriki na Kirumi, na katika mieleka hiyo ngwala haimo. Huruhusiwi kumshika mwenzako chini ya kiuno, wala kutumia mguu wako kumwangusha. Kazi yote ni ya mikono, kifua, shingo na mgongo. Unamkumbatia mtu, unamwinua, unambwaga, kisha unagandamiza mabega yake mawili mpaka yaguse chini kwa pamoja. Mtu mwenye nguvu akiamua tu kujibana na kuwa mzito kama gogo, mtakesha. Siku hizi pambano zima ni vipindi viwili vya dakika 3 na hesabu ya pointi. Mwaka 1912 hapakuwa na huruma hiyo.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha. Jina lenyewe ni la kubandika. Wagiriki wa kale hawakuwa na katazo hilo, miguu waliitumia vizuri tu. Mtindo huu ulipata kanuni zake Ufaransa katika karne ya 19, na mtu anayetajwa sana ni Jean Exbrayat, askari mstaafu wa jeshi la Napoleon, aliyekuwa akiandaa mieleka ya maonyesho na kukataza kushika chini ya kiuno. Baadaye mchezo ukavishwa jina la Ugiriki na Roma ili uonekane una ukoo mkubwa. Mchezo wa Kifaransa ukapewa babu asiyekuwa wake. Shika neno hilo la jina, maana ndilo lililonifanya nikae chini kuandika makala hii.

Turudi uwanjani. Klein alimshinda Asikainen, lakini pambano lile lilikuwa la kutafuta nani aingie kwenye la dhahabu. Aliyekuwa akimsubiri ni Claes Johansson, Mswidi, mtu wa nyumbani. Klein alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuweza kupanda tena. Johansson akachukua dhahabu, Klein akabaki na fedha, Asikainen shaba. Yaani jamaa kashinda pambano refu kuliko yote katika historia ya mieleka ya Olimpiki, na ushindi huohuo ndio uliomnyima dhahabu.

Katika mashindano hayohayo, kwenye uzito wa juu kidogo, Ivar Böhling wa Ufini na Anders Ahlgren wa Sweden walishikana kwa saa 9 katika pambano la mwisho. Hakuna aliyeanguka. Waamuzi wakasema basi, imetosha. Mtu angedhani watawapa dhahabu wote wawili. Wapi! Wakasema kwa kuwa hakuna aliyeshinda, hakuna dhahabu. Wote wakapewa fedha. Wahenga wetu wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nadhani wahenga hawakuwahi kumwona Böhling wala Ahlgren. Wale walikataa kushindwa kwa saa 9, na ushindani wao hakuna mwenye kuutilia shaka.

Sasa swali langu. Klein alikuwa wa nani? Kwenye karatasi za mashindano ameandikwa Urusi. Lakini Klein alikuwa Mwestonia, mtoto wa nchi ndogo iliyokuwa chini ya Tsar. Asikainen je? Huyo aliandikwa Ufini. Lakini Ufini nayo ilikuwa chini ya Tsar huyohuyo! Watu wawili wanaotawaliwa na mfalme mmoja wanavunjana mbavu kutwa nzima, mmoja akiitwa kwa jina la mtawala, mwingine kwa jina la kwao. Ufini iliruhusiwa kuwa na timu yake, Estonia haikuruhusiwa. Na hata hao Wafini uhuru wao ulikuwa nusu. Mwaka uleule Hannes Kolehmainen alishinda dhahabu tatu za mbio, na bendera iliyopandishwa kwa ajili yake ilikuwa ya Urusi. Ufini ilipata uhuru Desemba 1917, Estonia ikatangaza wake Februari 1918. Leo Waestonia wanamhesabu Klein kuwa mtu wao wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Wamemrudisha nyumbani, ingawa orodha ya mwaka 1912 bado inasema Urusi.

Vijana wenzangu mnaosoma gazeti hili mkiwa mjini mtauliza: haya ya Tsar yanatuhusu nini sisi? Yananihusu mimi, mtu wa Ngara, kuliko mnavyodhani.

Mwaka 1912 milima yetu ilikuwa chini ya Kaisari wa Ujerumani. Boma la Wajerumani lilikuwa Biharamulo. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wabelgiji wakaingia kutokea magharibi, wakaishika Biharamulo. Mwaka 1919 mabwana wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, wakakubaliana namna ya kugawana. Ruanda na Urundi zikawa za Mbelgiji, Tanganyika ikawa ya Mwingereza. Gisaka, upande wa mashariki wa Ruanda, ilichukuliwa kwanza na Waingereza waliotaka kupitisha reli, kisha ikarudishwa Ruanda baada ya miaka michache. Lakini Bugufi, ambayo wafalme wa Urundi waliihesabu kuwa yao, haikurudishwa. Ilibaki Tanganyika, na leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara.

Basi mtu aliyezaliwa huko kabla ya 1916 aliweza, bila kuhama kibanda chake, kuwa raia wa Mjerumani, akaongozwa na Mbelgiji, akatawaliwa na Mwingereza, na kama Mungu alimjalia umri akafa akiwa Mtanzania. Mgomba wake ni uleule. Mieleka yake ileile. Kilichobadilika ni jina juu ya karatasi. Angekwenda Stockholm huyo, wangemwandika nini?

Sisemi haya kwa kuwa nataka mpaka uhamishwe. Mimi ni Mtanzania na sitaki kuwa kitu kingine. Nasema kwa sababu mstari ule wa 1919 haujalala usingizi. Kihangaza chetu na Kirundi vinasikilizana, ukimweka Mhangaza na Mrundi kwenye benchi moja watapiga soga mpaka pombe iishe. Kwa hiyo ukitoka Ngara ukafika mjini, lafudhi yako inakutangulia mlangoni. Mimi nimewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi moja, nisiyoitaja, nikiwa na karatasi zangu zote mkononi, na karani akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Wewe, hebu sema kweli, si Mrundi wewe?" Nyuma yangu foleni ikacheka. Nikajibu maswali ya babu, maswali ya bibi, jina la balozi wa nyumba kumi, jina la mto. Kumbukeni pia mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kuwatafuta wahamiaji haramu. Kuna watu waliozaliwa kwetu waliolazimika kuthibitisha kwamba wao ni wao.

Hiyo nayo ni mieleka, tena ya Stockholm hasa. Ngwala hairuhusiwi, kupiga kelele hairuhusiwi, unashikwa tu na unatakiwa usianguke mpaka mwenye ofisi achoke. Na ukishinda hupewi dhahabu. Unapewa kilekile ulichokwenda nacho.

Lakini nisiwaache na huzuni, maana Afrika si mgeni katika mchezo huu. Pale Rusumo, wilayani kwetu, mto Ruvubu na mto Nyabarongo hukutana na kuzaa Kagera. Kagera humwaga maji Ziwa Victoria, ziwa humwaga Nile, na Nile hupita Beni Hasan, Misri. Huko Beni Hasan kuna makaburi ya mwambani yenye umri wa miaka kama 4,000. Katika kaburi la Baqet, ukutani, wamechorwa wanamieleka zaidi ya jozi 200, mmoja mmoja na mshiko wake: huyu kakamata kiuno, yule kapigwa ngwala, mwingine anabebwa miguu juu. Babu wa watu si Exbrayat, jamani. Na mwaka 1928, mjini Amsterdam, Mmisri Ibrahim Moustafa alichukua dhahabu ya mieleka hii ya Kigiriki na Kirumi katika uzito uleule ambao Böhling na Ahlgren walinyimwa. Mwaka 2004 Mmisri mwingine, Karam Gaber, akaichukua tena katika uzito wa kilo 96, kule Athens kwenyewe. Hao waliandikwa Misri. Jina lao lilikuwa lao.

Sisi Tanzania mpaka michezo ya Paris ya 2024 tulikuwa na medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980, zote za mbio: Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Mieleka hatumo. Lakini tofauti kati ya Bukiriro na Stockholm siioni kwenye nguvu. Naiona kwenye kalamu. Pale Stockholm alikuwepo mtu mwenye saa na daftari. Aliandika dakika 40 badala ya kuandika "walipigana sana." Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, mimi niliyekulia kwenye migomba ya Ngara namjua Martin Klein, na Waestonia wameweza kumdai. Kama asingeandikwa, wangedai nini?

Kwetu walikuwepo wababe wa kila kilima. Wazee wakikaa wanawataja: fulani aliyekuwa hagusi ardhi kwa mgongo, fulani aliyembwaga mgeni kutoka ng'ambo ya Ruvubu siku ya harusi. Hakuna aliyeshika saa wala aliyeandika. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na kila anayezikwa anakwenda na majina kumi.

Sasa ninyi mnaoniambia mnataka kuwa waandishi lakini hamna cha kuandika, kwamba mambo makubwa yako Ulaya, nawaomba kitu kimoja. Likizo ikifika, nunua daftari la kurasa 48, nenda kwenu, kaa na mzee. Muulize nani alimwangusha nani, wapi, mwaka wa njaa ipi au wa chifu yupi. Andika jina la mtu kama yeye mwenyewe alivyolitamka, na jina la kilima kama wenyeji wanavyokiita, kabla hajaja mwenye dirisha akakuandikia lake. Ukikuta wazee wawili wanabishana juu ya nani alishinda, usiwaamulie. Waandike wote wawili.