Detekta: Kutoka kitanda cha Rais Garfield hadi machimbo ya Chunya

Julai 2, 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mbili katika stesheni ya treni jijini Washington. Moja ilimparuza mkono. Ya pili iliingia mgongoni ikabaki humo, na madaktari hawakujua imelala wapi. Eksirei ilikuwa bado haijavumbuliwa. Walichofanya ni kuingiza vidole na vyuma visivyosafishwa ndani ya jeraha, wakipapasa siku baada ya siku.

Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu miaka mitano tu kabla ya hapo, alijitolea kusaidia. Ilikwishajulikana kuwa koili mbili za waya zikipangwa hadi umeme wake ukatulizana, kipande cha metali kikisogezwa karibu huvuruga utulivu huo, na sauti husikika kwenye kipokezi cha simu. Bell akaunda kifaa cha namna hiyo na kukijaribu kwa wapiganaji wa zamani wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ambao walikuwa bado wanatembea na risasi mwilini. Kikalia pale pale zilipokuwa.

Ikulu mambo yakaenda mrama. Jaribio la Julai 26 lilitoa mikwaruzo mitupu kwa sababu waya uliunganishwa vibaya. Agosti 1 kifaa kililia, lakini kililia eneo pana mno, bila kuonyesha nukta moja. Baadaye Bell alipata habari kwamba Rais alikuwa amelazwa kwenye godoro lenye springi za chuma. Isitoshe, daktari mkuu, Willard Bliss, alimruhusu kupima upande wa kulia tu, alikoamini kuwa risasi iko. Garfield alifariki Septemba 19. Maiti ilipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto.

Kifaa hakikudanganya. Kilitafuta metali, kikapata metali. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua metali ipi inayolia, na hiyo ndiyo kazi ambayo imewashughulisha watengenezaji wa detekta kwa zaidi ya miaka 140. Kila kizazi kimekutana na godoro lake la springi: joto la jua, maji ya chumvi, udongo wenye chuma, vizibo vya soda. Anayenunua detekta leo, kwa burudani au kwa riziki, naye anaanzia hapo.

Rubani, jangwa na Mpolandi

Miaka ya 1920 mhandisi Mjerumani aliyehamia Marekani, Gerhard Fisher, alikuwa akishughulikia redio za kuongozea ndege. Aligundua kuwa mwelekeo unaosomwa na redio hupotoka ndege inapopita karibu na vitu vikubwa vya metali au miamba yenye madini. Kwa rubani hiyo ni hitilafu, lakini Fisher aliona ndani yake chombo cha kutafutia. Mwaka 1931 alianza kuziunda mashine hizo kwenye gereji mjini Palo Alto, California, na mwaka 1937 akapewa hataza. Zilikuwa masanduku mazito ya mbao yenye koili, na wateja wake walikuwa watafuta madini na mafundi wa mabomba.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoipa detekta umbo tunalolijua, la sahani mwishoni mwa mpini. Luteni Józef Kosacki, Mpolandi aliyekimbilia Uingereza baada ya nchi yake kutekwa, alibuni akiwa Scotland kifaa cha kutafutia mabomu ya ardhini ambacho askari mmoja aliweza kukibeba, kikiwa na uzito usiofikia kilo 14. Takriban 500 vilipelekwa Misri kwa ajili ya mapigano ya El Alamein ya Oktoba na Novemba 1942. Inasimuliwa kwamba viliongeza maradufu kasi ya kusafisha njia, kutoka mita za mraba 100 hadi 200 kwa saa. Kosacki hakukikatia hataza. Alikitoa bure kwa jeshi la Uingereza, akalipwa kwa barua ya shukrani kutoka kwa Mfalme George VI.

Wajerumani nao hawakulala. Wakatengeneza mabomu yenye kasha la mbao, mengine ya kioo, na sahani ikapita juu yake bila kusikia chochote. Upande wa pili, uwanja wa vita umejaa maganda ya risasi na vipande vya vyuma, na kila kimoja kinalilia mashine kama bomu. Mojawapo ya majibu ya tatizo hilo limetoka Morogoro. Shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku kunusa baruti yenyewe. Panya hajali msumari wala kopo. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Kutoka stoo za jeshi hadi mashambani

Vita vilipokwisha, jeshi la Marekani liliuza detekta zake za ziada kwa bei ya kutupa, na watu wa kawaida wakazinunua kwenda kutafuta sarafu kwenye fukwe na viwanja vya zamani. Transista ilipochukua nafasi ya valvu, mzigo ukapungua. Mwaka 1964 Charles Garrett, mhandisi wa Texas, alianzisha kampuni yake akiwa amekusudia kuondoa kero moja iliyowachosha wote: saketi ikipata joto, masafa yanahama, na mashine inaanza kulia pasipo na kitu.

Kufikia miaka ya 1970 Uingereza ilikuwa na maelfu ya watu waliojaza mashamba kila Jumamosi, na wanaakiolojia wakawaona kama waporaji. Kilichosaidia kupatanisha pande hizo kilitokea Novemba 1992 kijijini Hoxne, Suffolk. Eric Lawes, mtunza bustani mstaafu, aliombwa na mkulima amtafutie nyundo iliyopotea shambani. Detekta ikalia, na alipofukua akakuta vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu na sarafu za Kirumi. Hakuendelea. Alisimama, akatoa taarifa, na kesho yake wanaakiolojia wakachimba wenyewe. Kwa sababu hiyo waliweza kuona jinsi vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku la mbao lililokuwa limeoza zamani. Sarafu zilikuwa karibu 15,000. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana.

Mwaka 1996 Uingereza ikapitisha Sheria ya Hazina, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa kusajili vitu ambavyo wananchi wanaviokota. Mpango huo umekwishasajili vitu zaidi ya milioni moja.

Dhahabu na udongo mkali

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sura iliyo karibu zaidi ilianzia Australia. Mwaka 1980, karibu na Wedderburn jimboni Victoria, detekta ililia juu ya bonge la dhahabu la kilo 27. Tatizo ni kwamba udongo wa huko umejaa madini ya chuma, na mashine za wakati ule ziliusikia udongo wenyewe. Kampuni ya Minelab iliyoanzishwa Adelaide mwaka 1985, pamoja na mwanafizikia wake Bruce Candy, ilichukua njia nyingine. Badala ya kutuma umeme mfululizo, mashine inautuma kwa mapigo mafupi, inanyamaza, kisha inasikiliza mwangwi unavyofifia. Mwangwi wa udongo hufifia upesi, wa metali hukawia.

Mashine hizo ndizo zilizoenea Sudan kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, watu walipomiminika jangwani kutafuta dhahabu, na ndizo zinazoonekana leo mikononi mwa wachimbaji wadogo. Chunya mkoani Mbeya, ambako mbio za dhahabu za Lupa zilianza miaka ya 1920, ni mahali panapoifaa kazi hiyo, kwa kuwa dhahabu yake nyingi ilisombwa na mito ikalala karibu na uso wa ardhi.

Soko lilipokua, matapeli wakaja. Nakala bandia za mashine za Australia zilienea barani. Baya zaidi ni vifaa visivyopima chochote. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuiuzia Iraki na nchi nyingine vifaa vya kugundua mabomu ambavyo vilikuwa antena tu kwenye mpini. Vifaa vya ukoo huo bado vinauzwa kwa watafuta dhahabu, vikidaiwa kuiona ikiwa mita mia mbele. Kanuni ya kujikinga ni fupi: detekta halisi ina koili, na koili inasikia sarafu kwa kina cha sentimita 20 au 30. Anayeahidi mita mia anauza maneno.

Kujifunza kusikiliza

Koili hutuma uga wa sumaku ardhini. Metali ikiguswa na uga huo, ndani yake huzunguka mikondo midogo ya umeme inayorudisha uga wake yenyewe, na koili ya pili huupokea. Mashine nyingi za burudani hupima kiasi ambacho jibu hilo linachelewa, kisha huonyesha namba, kwa kawaida kati ya 0 na 99. Chuma hukaa chini, fedha na shaba juu.

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza walichokifuata. Pete nyembamba ya dhahabu na karatasi ya alumini ya kufungia sigara hutoa namba zinazokaribiana. Anayeiamuru mashine ipuuze alumini anaiamuru ipuuze na pete. Wazoefu huacha sauti zote ziingie, wakachimba takataka nyingi, hadi sikio lizoee.

Kabla ya kuanza, tafuta sehemu isiyo na metali, inua na kushusha sahani juu ya ardhi, na urekebishe hadi mvumo ubaki sawa. Hiyo ni kuizoesha mashine udongo wa mahali hapo, na kwenye udongo mwekundu inarudiwa kila ardhi inapobadilika. Peleka sahani polepole, ikiwa sambamba na ardhi, bila kuiinua mwishoni mwa kila mkupuo. Kila mkupuo ukanyage nusu ya uliotangulia. Sauti ikisikika, pita tena kwa kukata msalaba. Ikilia njia moja na kunyamaza njia nyingine, mara nyingi ni msumari. Simu iache mbali, na viatu vyenye chuma kwenye vidole vibaki nyumbani.

Matunzo

Hitilafu nyingi zinazopelekwa kwa fundi ni uchafu na waya. Waya wa koili uzungushwe kwenye mpini ukiwa umekaza; ukining'inia, kila unapotikisika mashine inalia. Kifuniko cha plastiki chini ya sahani hukusanya mchanga mweusi wenye chuma, kwa hiyo kifunguliwe na kufutwa baada ya kazi. Aliyetoka baharini aoshe koili na mpini kwa maji baridi yasiyo na chumvi na akaushe maungio. Asidhani kuwa koili isiyoingiza maji ina maana sanduku la saketi nalo haliingizi. Detekta ikiwekwa kwa muda mrefu, betri zitolewe, maana zikivuja hula vituo vya shaba. Ndani ya gari lililoegeshwa juani si mahali pake.

Kipimo cha afya ni rahisi. Iweke sarafu ile ile mbele ya sahani kila mara kwa umbali ule ule. Siku isipoisikia, anza na betri, kisha waya, ndipo umtafute fundi.

Isichokisikia

Katika sehemu nyingi za Tanzania kuna watu wanaoamini kuwa Wajerumani walizika mali walipokimbia Vita vya Kwanza vya Dunia. Uvumi huo una mbegu ya kweli: mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Lakini mbegu hiyo imezaa mashimo mengi kuzunguka maboma ya kale.

Hasara yake inaeleweka ukiangalia Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua pale zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa pwani, lakini zisizo na mwaka. Pamoja nazo zilikuwamo dinari za dhahabu za Wafatimi, na kwa kuwa umri wa dinari hizo unajulikana, sarafu za pwani nazo zikapata umri. Mtu mwenye detekta angezibeba dinari na kuziuza, na zile za fedha zingebaki bila historia. Zaidi ya hapo, detekta haisikii kigae, ushanga, mkaa wala mfupa, yaani karibu kila kitu kinachomwambia mtaalamu watu waliishije.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na Zanzibar ina sheria yake. Kutafuta dhahabu nako kuna leseni zake. Mpenda detekta anayeanza aombe ruhusa ya mwenye ardhi, akae mbali na magofu, na akikuta kitu cha kale asimamishe jembe kama Lawes. Makumbusho nazo zina zamu yao. Mkulima wa Hoxne na mtafutaji wake walitoa taarifa kwa sababu palikuwa na mtu wa kuipokea na malipo ya haki yaliyofuata. Mvuvi wa Kilwa anayeokota sarafu ufukweni anastahili kujua ampelekee nani, na awe na hakika kuwa hatatoka huko ameshukiwa wizi.