Meli Iliyotiwa Viraka Dufile

Tarehe 29 Aprili 1888 meli ya mvuke iitwayo Khedive iliingia pembe ya kusini ya Ziwa Albert, na usiku ule mpelelezi Henry Morton Stanley akapeana mkono na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta aliyekuwa hajapata msaada wowote kutoka Khartoum kwa miaka mitano. Vitabu vimeshughulika mno na wanaume hao wawili. Meli yenyewe imepewa mistari michache tu, nayo Stanley ndiye aliyeiandika: urefu wake futi 90 hivi, upana futi 17 au 18, imeundwa mwaka 1869 na kampuni ya Samuda Brothers ya London, mwendo wake ni wa polepole, lakini bado inafaa kwa kazi. Akaongeza kwamba juu inapendeza, ila chini ya maji imejaa viraka.

Bandari ya meli hiyo ilikuwa Dufile, ukingo wa magharibi wa Naili, katika wilaya ya Moyo ya leo, kwetu huku West Nile.

Khedive ilikuwa na rafadha mbili, na habari ya rafadha inatupeleka kwenye bwawa la shamba. Francis Pettit Smith alikuwa mfugaji wa Hendon, nje kidogo ya London. Hakuwa mwanajeshi wala mhandisi wa serikali. Alitengeneza mashua ya mfano, akaifunga rafadha ya mbao yenye umbo la parafujo chini ya maji, akaijaribu bwawani mwake, na mwaka 1836 akapata hataza. Mwaka uliofuata alikuwa mferejini Paddington na mashua ya kweli. Parafujo ikagonga kitu, nusu yake ikakatika, na mashua badala ya kupunguza mwendo ikaongeza! Ajali ile ilimfundisha kwamba parafujo fupi ni bora kuliko ndefu. Wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walikuwa na mashaka, wakiamini chombo cha aina hiyo hakitaongozeka. Ilipofika mwaka 1845 waliifunga manowari yao ya rafadha, Rattler, tezi kwa tezi na Alecto ya magurudumu, kila moja ikavuta upande wake. Rattler ikamburuta mwenzake.

Ukabaki ugonjwa mmoja. Mhimili wa rafadha hupita kwenye tundu la tezi, na pale chuma kikisagana na shaba ndani ya maji yenye mchanga, vyote viwili huliwa upesi, meli ikatikisika mpaka ikavuja. Dawa ilipatikana kwa John Penn wa Greenwich, ambaye baba yake alianza na karakana ya mashine za kinu. Mwaka 1854 Penn, akishirikiana na Smith, aliweka vipande vya lignum vitae, mti mgumu wa Karibi wenye mafuta ya asili, kuzunguka mhimili, akaacha mifereji midogo ya kupitisha maji. Maji yaleyale yaliyokuwa adui yakawa kilainishi. Mashine za Warrior, manowari kubwa ya chuma ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1860, zilitoka kwa Penn.

Na Samuda? Hao nao walianza wakiwa ndugu wawili, Jacob na Joseph. Jacob aliuawa na mvuke mwaka 1844 katika majaribio ya meli yao, Gipsy Queen. Joseph aliendelea, na kufikia 1864 kiwanda chake kando ya mto Thames kilishusha majini Prince Albert, manowari ya kwanza ya Uingereza iliyosanifiwa tangu mwanzo kubeba mizinga katika minara inayozunguka. Wakati huo hawakuwa wadogo tena. Lakini ubunifu mwingi wa kivita wa baharini katika karne ile ulizaliwa katika karakana za watu binafsi kama hawa, waliojaribu kwa fedha yao kwanza, serikali ikaja baadaye kununua.

Mmoja wa wanunuzi alikuwa Ismail, Khedive wa Misri. Mwaka 1869 alimpa Samuel Baker kazi ya kuliteka bonde la juu la Naili, na Baker akaagiza kwa Samuda meli tatu, za tani 251, 108 na 38, pamoja na mashua mbili za chuma za futi 30. Mashine zikatoka kwa Penn. Sharti lilikuwa gumu: kila kitu kifunguke vipande, kiweze kubebwa na ngamia kupita jangwa la Nubia. Ile ya tani 108 ndiyo iliyokuja kuunganishwa Gondokoro, kituo cha kando ya Naili, ikapewa jina la Khedive.

Hata hapo safari haikuisha. Kati ya Gondokoro na Dufile kuna maporomoko, na makali kuliko yote ni ya Fola, karibu na Nimule. Hakuna meli inayopita pale. Charles Gordon, aliyekuwa gavana wa Ikweta kuanzia 1874, ilimbidi afungue vyombo upya, mabamba na boila vikaenda kwa nchi kavu juu ya mabega ya watu. Wenyeji wa kando ya mto, ambao majeshi ya Misri yaliwanyang'anya ng'ombe na nafaka, hawakuinamisha vichwa. Agosti 1875, karibu na Mugi, walimuua Ernest Linant de Bellefonds, msaidizi wa Gordon, pamoja na askari wake. Ni haki kulitaja hili, kwa sababu teknolojia hii ilikuja kwetu ikiwa silaha.

Mashua zile mbili ndizo zilizotangulia kukamilika, zikaitwa Dufile na Magungo. Mwaka 1876 Romolo Gessi, msaidizi mwingine wa Gordon, alizichukua akalizunguka Ziwa Albert lote. Meli ya tani 38, Nyanza, ikafuata, kisha Khedive.

Halafu njia ikafungwa. Tangu 1883 hapakuja meli nyingine kutoka Khartoum, na Januari 1885 mji huo ukaangukia mikononi mwa Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan. Emin alibaki na mlolongo wa ngome, na kamba iliyoziunganisha Dufile, Wadelai na vituo vya ziwani ilikuwa Khedive na Nyanza: askari, nafaka na barua vyote vilipita humo. Mwaka 1888 Wamahdi walipanda mto kwa meli zao tatu hadi Lado. Maporomoko yakawazuia. Walipoishambulia Dufile mwezi Novemba walikuja kwa miguu, na wakarudishwa nyuma.

Sasa rudi kwenye viraka vya Stanley. Havikupigwa London. Kwa miaka mitano pasipo bamba jipya wala parafujo mpya, kuna watu waliokuwa wakiivuta meli ile nchi kavu pale Dufile, wakachokonoa kutu, wakagonga ribiti, wakaiteremsha tena majini. Ufundi wa Smith, Penn na Samuda ungekufa mapema bila mikono hiyo. Nao hawakuandikwa. Hataza ya Smith ina jina lake. Kiraka cha Dufile hakina jina la mtu.

Baada ya Emin kuondoka mwaka 1889, askari waliobaki chini ya Selim Bey walichukuliwa na afisa Mwingereza Frederick Lugard mwaka 1891 kuimarisha utawala wa Uingereza Uganda. Wajukuu wao ni Wanubi, tunaoishi nao Arua, Koboko, Bombo mpaka Kibera. Tunasimulia sana kwamba babu zao walikuwa askari. Ni nadra kusimulia kwamba miongoni mwa watu wa ngome zile walikuwemo mafundi wa mashine.

Mahandaki ya ngome ya Dufile bado yanaonekana. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky na wenzake walichimba pale mwaka 2006 na 2007, wakaonyesha kuwa ardhi ile ina mengi ya kusema. Kazi iliyobaki ni yetu. Ukiwa na mzee wa Kinubi, Kimadi, Kikakwa au Kilugbara aliyesikia kutoka kwa wakubwa wake habari za karakana ya Dufile, kaa naye, mrekodi, na rekodi hiyo umpelekee mwalimu wa historia aliye karibu nawe au Chuo Kikuu cha Muni hapa Arua. Na idara ya makumbusho ilinde ukingo ule kabla jembe na mvua havijausawazisha.