Mac ya ofisini isiwe kisima cha kila mtu

Natunza tarakilishi za ofisi moja hapa Mombasa. Juzi mwenzetu alilalamika nafasi ya diski inamwishia na hajui imekwenda wapi. Kuchungulia, kumbe amewasha akiba ya maudhui, huduma iliyomo ndani ya macOS tangu High Sierra ya 2017. Mac moja hupakua masasisho na programu za Apple mara moja, kisha vifaa vingine vya mtandao uleule huchota kwake. Kwa anayelipia bando, ni nafuu kubwa.

Ila laptopu yake jioni huvuka naye feri kwenda Likoni, na akiba yote ndani. Kazi hii yataka Mac isiyoondoka, iliyochomekwa umeme na waya wa mtandao, na isiyolala.

Zinazosimamiwa kutoka sehemu moja kwa MDM, kwenye wasifu wa vikwazo weka allowContentCaching kuwa false. Mac ya akiba itenge kundi lake, isipokee wasifu huo. Mimi nilisahau, nikaizima na yenyewe. Siku ya sasisho kila mashine ilikimbilia intaneti kivyake, mtandao ukajikokota hadi adhuhuri. Nilipoirudisha, niliiwekea pia kikomo cha nafasi.