Soma Stika Kwanza: Historia Fupi ya Linux Ndani ya Ruta za Nyumbani

Msomaji, kama kwenu kuna ruta ya Wi-Fi, hasa ile ya zamani iliyotelekezwa juu ya kabati, hebu ishushe. Igeuze. Chini yake kuna stika yenye jina la modeli, na pembeni ya jina, kwa maandishi madogo sana, kuna namba ya toleo: v1, v5, v9. Mwaka juzi sikuisoma hiyo namba, na usiku uleule nikawakatia intaneti wenzangu watatu.

Tulikuwa wanne hosteli, tumechangishana kununua ruta iliyotumika. Mimi nikajitia fundi. Nilitaka kuiwekea OpenWrt, yaani mfumo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ndogo kama hizi, ili tujue nani kati yetu anamaliza bando la mwezi kabla ya tarehe 20. Nikapakua faili la modeli ileile, nikalipakia, ruta ikajizima na kujiwasha. Taa moja ikawaka, basi. Hakuna Wi-Fi, hakuna ukurasa wa mipangilio, hakuna chochote. Wazoefu wa mambo haya wanasema ruta ya namna hiyo imekuwa tofali: imebaki na umbo na uzito tu.

Niliifufua, na nitakueleza jinsi nilivyofanya. Ila katika kuhangaika kwangu nikagundua jambo ambalo sikulitegemea. Hizi hatua za kufufua ruta, ambazo watu wanazifuata kama mapishi, nyingi zina historia yake. Na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita kwenye kisanduku kimoja cha rangi ya bluu na nyeusi.

Swali la Juni 2003

Desemba 2002 kampuni ya Linksys ya California iliingiza sokoni ruta iitwayo WRT54G. Ile 54 ni kasi yake kwa megabiti kwa sekunde, na G ni kiwango cha Wi-Fi kilichokuwa kipya wakati huo. Machi 2003 Cisco, jitu la vifaa vya mitandao, ikatangaza kuinunua Linksys kwa takriban dola milioni 500.

Miezi mitatu baadaye, Andrew Miklas akawaandikia watengenezaji wa kiini cha Linux. Alikuwa ameichunguza programu ya ndani ya WRT54G na kukuta humo Linux. Tatizo halikuwa Linux kuwemo. Tatizo ni kwamba Linux inatolewa kwa leseni ya GPL, na leseni hiyo ina sharti: tumia upendavyo, badilisha, hata uza, lakini ukimpa mtu programu, naye awe na haki ya kupata msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama mtengenezaji alivyoyaandika. Wanunuzi wa WRT54G walikuwa hawajapewa.

Ilikuwaje? Chipu zilitoka Broadcom, na kazi ya programu ilikuwa imepitia kampuni ya CyberTAN ya Taiwan, kisha ikafika Linksys, kisha Linksys yenyewe ikanunuliwa. Kila aliyepokea alipokea mzigo uliokwisha kufungwa, na sharti la leseni lilikuwa ndani ya mzigo. Baada ya shinikizo la wapenzi wa programu huria, Linksys ikaanza kutoa msimbo katikati ya 2003. Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza, ukijengwa kwanza juu ya msimbo huohuo.

Kwa hiyo usidhani kuna kampuni iliamka siku moja ikaamua kuwagawia watu uhuru. Kuna mtu aliuliza swali, na leseni ikampa haki ya kujibiwa.

Mlango wa sekunde chache

Msimbo ukishapatikana, watu wakaanza kujaribu. Na wakijaribu, wanaua ruta. Hapo ndipo elimu ya ufufuaji ilipoanza.

Ili uielewe, kumbuka kwamba ruta ni kompyuta kamili. Ukiiwasha, Linux haianzi moja kwa moja. Kwanza inaamka programu ndogo ya kuwashia, iliyo kwenye sehemu yake yenyewe ya kumbukumbu. Kazi yake ni kuangalia kama mfumo mkuu upo na ni mzima, kisha kuuamsha. Sasa, ukiharibu mfumo mkuu lakini hukuigusa hii programu ndogo, ruta bado ina uhai.

Kwenye WRT54G kulikuwa na mpangilio uitwao boot_wait. Ukiuwasha, ile programu ndogo husubiri sekunde chache kabla ya kuendelea, ikisikiliza kama kuna kompyuta inataka kuitumia mfumo mpya kwa njia ya zamani ya kutuma mafaili iitwayo TFTP. Lakini utauwashaje, wakati ukurasa wa mipangilio wa kiwandani hauna kitufe chake? Watu walikuta kosa la kiusalama. Kwenye ukurasa wa kupima mtandao kulikuwa na kisanduku cha kuandika anwani, na ruta ilikuwa haichuji kilichoandikwa humo. Ukiandika amri badala ya anwani, inaitekeleza! Basi mwongozo ukawa: tumia kosa hilo kuwasha boot_wait, ndipo uanze majaribio. Ona ajabu yake: kasoro ya usalama ndiyo iliyokuwa kamba ya uokoaji.

Jina lilelile, tumbo jingine

Mwaka 2005 likatokea jambo ambalo ndilo lililonitia mimi adabu. Linksys ikatoa WRT54G toleo la 5. Jina lilelile, umbo lilelile. Ndani, Linux imeondolewa na kuwekwa mfumo mwingine uitwao VxWorks. Kumbukumbu ya kuhifadhia imeshuka kutoka MB 4 hadi MB 2, na RAM kutoka MB 16 hadi MB 8. Mfumo unaohitaji nafasi ndogo unaruhusu chipu ndogo, na chipu ndogo ni nafuu. Kwa waliotaka Linux ikatolewa WRT54GL, ile L ikimaanisha Linux, yenye kumbukumbu za awali.

Mtu aliyenunua toleo la 5 akaliwekea faili la toleo la 2 alipata tofali, sawasawa na mimi miaka mingi baadaye, kwenye ruta ya kampuni nyingine kabisa. Ndiyo maana kila mwongozo unaanza na lile agizo linalochosha: angalia toleo chini ya kifaa.

Usiku wangu wa TFTP

Rudi sasa hosteli. Programu ndogo ya ruta yangu ilikuwa hai, kwa hiyo kazi ilikuwa kuuwahi mlango kabla haujafungwa. Nikaipa laptopu anwani ambayo ruta hiyo huitafuta ikiwa taabani, nikaliita faili la kiwandani kwa jina lilelile linalotarajiwa, nikashikilia kitufe cha kurejesha huku nikiwasha umeme. Kimya. Nikarudia. Kimya.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalikuwa kwenye laptopu. La kwanza, ngome ya laptopu, ile programu inayozuia wageni wa mtandaoni, ilikuwa inaikataa ruta. La pili ni la ujanja zaidi: ruta ikizimwa, poti ya laptopu nayo inajiona haina kitu, na ruta ikiwaka poti inachukua muda kuamka. Ikishaamka, mlango umefungwa. Dawa yake ni kuweka swichi ndogo ya mtandao katikati, ili poti ya laptopu isilale kabisa. Nikaazima swichi ya maabara asubuhi. Jaribio la kwanza tu, faili likaanza kwenda.

Ingeshindikana, ningefungua kasha na kutafuta pini za siriali kwenye bodi, mahali ruta inapoandika inachokifanya tangu sekunde ya kwanza. Ukifika huko, tafuta waya wa USB wa volti 3.3 kama bodi yako ni ya volti hizo. Volti 5 zinaweza kuiunguza.

Je, ni mali yako?

Desemba 2008 Taasisi ya Programu Huria ya Marekani, FSF, iliishtaki Cisco kwa kutotimiza masharti ya leseni kwenye bidhaa za Linksys. Mei 2009 wakapatana, na Cisco ikakubali kuteua mtu wa kusimamia utekelezaji wa leseni hizo. Yaani hata baada ya ushindi wa 2003, mlango ulihitaji watu wa kuusimamia usifungwe.

Nisikudanganye lakini: msimbo kuwa wazi hakuongezi kumbukumbu. OpenWrt 19.07, iliyotoka Januari 2020, ndilo toleo la mwisho kwa vifaa vyenye MB 4 za kuhifadhia na MB 32 za RAM. Ruta yetu ni ya kundi hilo. Nilifanikiwa kuiwekea 19.07, ila haipati tena marekebisho ya usalama, hivyo tuliiondoa mlangoni mwa intaneti. Siku hizi ni ya mazoezi. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanaiharibu kwa makusudi Jumamosi na kuifufua kabla ya chakula cha mchana.

Kifaa ulichokinunua ni chako kweli kama unaweza kukikosea na bado ukakirudisha. Uwezo huo una watu waliouhangaikia. Sasa kabla hujapakua chochote, igeuze ruta yako usome ile stika. Toleo la ngapi?