Msokoto, Koni na Muuza Duka: Je, Chombo Hubadilisha Hukumu?



Katika viunga vya Dar es Salaam, kama Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, au Tandika na Mbagala upande wa Temeke, bangi huhesabiwa kwa misokoto. Jina hilo limetokana na kazi yenyewe: majani husokotwa ndani ya karatasi. Mvutaji huweza kutumia karatasi bapa, aisokote kwa mkono, au koni iliyokwisha kusokotwa kiwandani, ambayo yeye huijaza tu. Kwake yeye hilo ni suala la wepesi. Kwetu sisi swali ni jingine: je, chombo kinabadilisha hukumu? Na anayekiuza anabeba nini?

Tuanze na historia. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 Hijria/1328) ameeleza kuwa hashishi, ambayo hutokana na mmea huu huu, ilidhihiri kwa Waislamu mwishoni mwa karne ya 6 Hijria. Zama hizo ikiliwa zaidi kuliko kuvutwa. Mafaqihi walikhitalifiana katika matawi yake. Ibn Taymiyya aliona mtumiaji apigwe hadi kama mnywaji pombe. Al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki (aliyefariki 684/1285) aliona ni kiharibu akili, na adhabu yake ni taaziri. Az-Zarkashi wa madhehebu ya Shafii (aliyefariki 794/1392) aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wake. Pamoja na khitilafu hizo, walikubaliana kuwa kuitumia kwa kuharibu akili ni haramu.

Huku Afrika Mashariki ilivutwa tangu zamani. Katika pango la Lalibela, Ethiopia, watafiti walikuta vichwa vya viko vya takriban karne ya 14 vyenye mabaki ya bangi, yaani kabla tumbaku haijafika kutoka bara la Amerika. Kiswahili nacho kimehifadhi neno digali, bomba la kiko linalopeleka moshi kwenye maji. Karatasi ilikuja baadaye, pamoja na sigara, na koni ni ya juzi tu. Basi imeliwa, imetiwa kikoni, imesokotwa, na sasa inajazwa. Sababu ya kuharamishwa, ambayo ni kuharibu akili, haikuondoka hata mara moja. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha juu ya watu watakaokunywa pombe na kuipa jina jingine. Kubadili chombo ni ndugu wa kubadili jina.

Ama muuza duka, mas-ala yake yamo katika Minhaj ya Imam an-Nawawi (aliyefariki 676/1277), kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu: kumuuzia zabibu mtengeneza mvinyo. Wanavyuoni wa Shafii wamefafanua kuwa muuzaji akijua au akidhani kwa dhana yenye nguvu kuwa zitageuzwa mvinyo, ni haramu. Akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Zabibu zenyewe ni halali. Kilichoharamisha ni kusaidiana katika dhambi.

Tukipima kwa mizani hiyo, karatasi bapa ina matumizi mawili, kwani wapo wanaosokotea tumbaku, ingawa tumbaku nayo wanavyuoni wengi wameiharamisha. Koni ina udhuru mdogo zaidi, kwa sababu wanunuzi wake wengi huijaza bangi. Mwenye duka anayemjua kijana wa mtaani kwake, na anajua aendako na karatasi ile, hawezi kusema, "Mimi nimeuza karatasi tu."

Sheria ya nchi ya 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya nayo inaikataza bangi. Lakini Maimamu wetu tunawausia jambo moja zaidi: khutba isimwelekee kijana peke yake ilhali aliyemuuzia karatasi yuko safu ya kwanza. Wote wawili wanasihiwe kwa hekima, kwani kuhifadhi akili ni katika makusudio makubwa ya Sharia.

Wallahu aalam.