Mapezi ya Nyuma na Kukataa kwa Madereva: Sura ya Gari la Kimarekani, 1948–1965

Kwamba madereva wa Marekani walichoshwa na mapezi ya nyuma ya magari mwishoni mwa miaka ya 1950 ni dai lililokaririwa mno katika historia za magari, kiasi kwamba ni nadra kulitafutia ushahidi. Ushahidi wenyewe una utata. Magari ya kampuni ya Chrysler ya mwaka 1957, yenye mapezi marefu yaliyoinuka kuelekea nyuma, yalinunuliwa kwa pupa. Magari ya Plymouth na Dodge ya kampuni hiyohiyo ya mwaka 1962, yaliyoondolewa mapezi, yalidoda. Iwapo mnunuzi aliyachukia mapezi, ni vigumu kueleza kwa nini aliyaadhibu magari yaliyokuwa yameyaacha. Makala haya yanauchunguza utata huo, na yanadai kwamba kilichokataliwa hakikuwa umbo peke yake, bali uhusiano wa umbo hilo na wale waliolazimika kuishi nalo: aliyelinunua gari, aliyeendelea kuliendesha baada ya mng'aro kuisha, na aliyekutana nalo barabarani bila ya kulichagua.

Asili ya mapezi inajulikana vizuri. Harley Earl, mzaliwa wa Hollywood ambaye familia yake ilitengeneza magari ya kukokotwa na farasi na baadaye bodi za magari ya wacheza filamu, aliajiriwa na General Motors mwaka 1927 kuongoza Idara ya Sanaa na Rangi. Mkuu wa kampuni, Alfred P. Sloan, alikwisha kutambua kwamba soko la Marekani lilikuwa linaelekea kujaa. Mtu mwenye gari linalotembea hana sababu ya kununua jingine, isipokuwa afanywe alione la kwake limepitwa na wakati. Jibu la Sloan lilikuwa kubadilisha sura ya magari kila mwaka na kuyapanga katika ngazi ya bei, kutoka Chevrolet kupitia Pontiac, Oldsmobile na Buick hadi Cadillac. Kwa hiyo msanifu wa umbo hakuwa mpambaji tu. Alipewa kazi ya kiuchumi ya kuzalisha kutoridhika. Historia ya mapezi isiyoanza na kazi hiyo huishia kuwa orodha ya picha.

Mwaka 1941 Earl na wasaidizi wake waliruhusiwa kuitazama, kwa mbali, ndege ya kivita ya Lockheed P-38 katika uwanja wa Selfridge, karibu na Detroit. Mkia wa ndege hiyo ulikuwa na miimo miwili iliyosimama. Vita vilipokwisha, miimo hiyo ilizaliwa upya katika Cadillac ya 1948 kama vivimbe viwili vidogo vilivyobeba taa za nyuma, na chini ya taa ya kushoto kilifichwa kifuniko cha tangi la petroli. Umbo hilo halikupokewa kwa shangwe. Inasimuliwa kwamba Earl mwenyewe alipatwa na wasiwasi na kumwamuru msanifu Franklin Hershey ayaondoe mapezi, naye Hershey akachelewesha utekelezaji hadi wakubwa wa kampuni walipoonyesha kuyapenda. Katika makala yaliyochapishwa na gazeti la Saturday Evening Post mwaka 1954, Earl alikiri kwamba mwanzo ulikuwa wa polepole, kisha wenye Cadillac wakayaona mapezi kuwa mithili ya risiti ya ziada inayothibitisha machoni pa watu kwamba fedha nyingi zimelipwa. Maelezo hayo ni ya mtu anayeisifu kazi yake, na yapokewe kwa tahadhari. Hata hivyo yana thamani kubwa, kwa kuwa yanaonyesha kwamba msanifu mwenyewe hakudai kuwa mapezi yalipendwa kwa uzuri wake. Yalipendwa kwa sababu jirani hakuwa nayo.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake. Alama ya cheo hudumu maadamu ni wachache wanaoimiliki, na kampuni zilizoishi kwa kuuza magari kwa mamilioni hazikuweza kuiacha kwa wachache. Kufikia 1957 hata mnunuzi wa Plymouth, gari la bei ya chini la Chrysler, aliweza kupata mapezi yaliyoyapita ya Cadillac. Kazi hiyo iliongozwa na Virgil Exner, aliyetoka Studebaker na kujiunga na Chrysler mwaka 1949, wakati kampuni hiyo ikiuza magari ya wima na mapana ya dari ambayo mkuu wake, K. T. Keller, aliyapenda kwa kuwa mtu aliweza kuyaendesha bila ya kuvua kofia. Magari ya Keller yalikuwa na manufaa yote isipokuwa wanunuzi. Exner aliyashusha, akayarefusha, akayapa mapezi, kisha kampuni ikatangaza kwamba mapezi hayo husaidia gari kutulia upepo wa ubavuni unapovuma. Kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayekwenda kazini, faida hiyo haikuwa na uzito wowote.

Mauzo ya 1957 yalikuwa mazuri. Malalamiko yalikuja baadaye. Magari yalikuwa yameharakishwa kutoka viwandani. Maji ya mvua yalipenya, bodi zikaota kutu mapema, na sifa ya uimara wa kihandisi ambayo Chrysler ilikuwa imeijenga kwa miaka mingi ikadhoofika. Jambo hili linampa mtafiti tatizo la kimbinu. Mmiliki aliyeapa kutonunua tena gari la namna hiyo aliapa kwa sababu ya pezi, au kwa sababu ya kutu iliyokuwa chini ya pezi? Takwimu za mauzo haziwezi kutenganisha mambo hayo mawili, na katika kumbukumbu ya mwenye gari huenda hayakutengana kabisa.

Kwa General Motors, magari ya Chrysler yalikuwa mshtuko. Mwaka 1956 msanifu kijana, Chuck Jordan, aliyaona magari ya Plymouth ya mwaka uliokuwa unakuja yakiwa yameegeshwa nyuma ya uzio wa kiwanda. Earl alikuwa safarini Ulaya. Chini ya Bill Mitchell, vijana wa idara waliuacha mpango wake wa magari ya 1959 na kuanza upya. Matokeo yake yalikuwa Cadillac ya 1959, yenye mapezi marefu kuliko yote katika historia ya kampuni na taa mbili zilizochongoka kama risasi katika kila moja, pamoja na Chevrolet ambayo mapezi yake yalilazwa ubapa kama mabawa ya popo. Mapezi hayo basi hayakutokana na maombi ya madereva. Yalitokana na woga wa wasanifu wa kampuni moja walipochungulia uwanja wa kampuni nyingine. Magari yaliyokuwa njiani, yaani ya 1958, hayakuweza kubadilishwa tena, na yalitoka yakiwa yamesheheni kromu: grili ya Buick ya mwaka huo iliundwa kwa vipande 160 vya mraba vya kromu. Earl alistaafu mwishoni mwa mwaka huohuo.

Kesi ya Edsel hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa wazi kwamba sura peke yake inaweza kuua gari. Kampuni ya Ford ililizindua tarehe 4 Septemba 1957 na kusitisha utengenezaji tarehe 19 Novemba 1959, baada ya magari 110,847 tu kutengenezwa Marekani. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 250. Grili yake ya wima, iliyobuniwa na Roy Brown ili gari litambulikane kutoka mbali, ilifananishwa na kola ya farasi, na wengine wakaifananisha na kiti cha choo. Dhihaka hizo zimehifadhiwa vizuri kwa sababu zinachekesha, na mwanahistoria anapaswa kujihadhari na chanzo kinachochekesha. Edsel iliingia katika daraja la bei ya kati wakati daraja hilo lilikuwa linasinyaa. Iliunganishwa katika viwanda vya Ford na Mercury na mafundi waliokuwa na magari mengine ya kushughulikia, na mengi yalifika kwa mawakala yakiwa na kasoro. Vibonye vya gia viliwekwa katikati ya usukani, mahali ambapo mkono wa dereva ulizoea kukuta honi.

Hata hivyo sura haikosi lawama. Kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni namna Ford ilivyomsikiliza mnunuzi. Watafiti walitumwa Peoria na San Bernardino kuwauliza watu wanavyozihisi tabia za magari mbalimbali; maelfu ya majina yalipendekezwa, na mshairi Marianne Moore aliombwa mchango wake. Mwishowe gari likapewa jina la marehemu mwana wa Henry Ford, ambalo halikuwa miongoni mwa yaliyopendelewa katika utafiti. Watu waliulizwa wanalionaje gari kama ishara, lakini hawakuulizwa ipasavyo wangejisikiaje wakilitazama kila asubuhi mbele ya nyumba yao.

Wakati huohuo sauti za kupinga zilikuwa zimepanda. Msanifu Raymond Loewy alikwisha kuyashambulia magari ya nchi yake mwaka 1955, akiyafananisha na mashine za santuri za kwenye baa zilizotiwa magurudumu. Mwaka 1958 John Keats, ambaye asichanganywe na mshairi wa Kiingereza, alichapisha kitabu kizima cha kuyakejeli. Maandishi haya hunukuliwa kana kwamba ni sauti ya madereva. Si hivyo. Ni sauti ya wasomi, na Studebaker, kampuni ambayo ofisi ya Loewy iliisanifia magari, yenyewe iliweka mapezi juu ya gari lake la Golden Hawk la 1956. Ushahidi ulio karibu zaidi na dereva wa kawaida unapatikana katika alichokinunua fedha zilipopungua. Mdororo wa uchumi wa 1958 ulishusha utengenezaji wa magari ya abiria kutoka takriban milioni 6.1 hadi takriban milioni 4.2. Katika mwaka huo mbaya, Rambler, gari dogo la kampuni iliyoongozwa na George Romney, liliongeza mauzo. Volkswagen, ambalo umbo lake halikuwa linabadilika kila mwaka, liliongeza pia, na kuanzia 1959 matangazo yake yalilifanya hilo la kutobadilika kuwa sifa. Kufikia 1959 magari ya kigeni yalikuwa takriban asilimia 10 ya soko. Ford ilijibu kwa Falcon, gari dogo lisilo na mbwembwe lililoungwa mkono na Robert McNamara, na zaidi ya magari 400,000 yaliuzwa katika mwaka wa kwanza.

Takwimu hizi ndizo huhitimishwa kwamba mapezi yalikataliwa. Mfano wa 1962 unazuia hitimisho hilo la haraka. Plymouth na Dodge za mwaka huo zilipunguzwa ukubwa kwa haraka na kunyang'anywa mapezi. Exner, aliyefukuzwa wadhifa wake kabla hazijapata muda wa kujaribiwa sokoni, aliziona kama kuku walionyonyolewa. Mauzo yaliporomoka. Mnunuzi wa Falcon alitaka unafuu, na mnunuzi wa Plymouth kubwa alitaka ukubwa aliokuwa anaulipia. Hakuna kati yao aliyekuwa anapiga kura juu ya pezi.

Waliopaswa kuulizwa zaidi hawakuwa wanunuzi. Mwaka 1963 mahakama ya shirikisho huko Texas ilisikiliza shauri la mtoto wa miaka saba aliyeligonga kwa baiskeli gari la Dodge la 1957 lililokuwa limeegeshwa, kichwa chake kikapigwa na pezi. Mahakama iliamua kwamba mtengenezaji hakuwa na wajibu wa kubuni gari ambalo mtoto angeweza kuligonga kwa baiskeli bila ya kuumia. Kwa mantiki ya sheria ya wakati ule, uamuzi huo haukushangaza. Kwa mantiki ya usanifu, unafichua jambo zito: pezi halikuwa na kazi yoyote ambayo ingeweza kuwekwa kwenye mizani dhidi ya kichwa cha mtoto. Miaka miwili baadaye Ralph Nader alitumia sura nzima ya kitabu chake kuwashutumu wasanifu wa maumbo, akitaja vifo vilivyosababishwa na mapezi ya Cadillac. Mwaka 1966 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa magari. Kufikia hapo Cadillac ilikuwa imekwisha kuyapunguza mapezi mwaka baada ya mwaka, na gari la 1965 lilitoka bila ya pezi lililojitenga na bodi. Sheria haikuyaondoa mapezi. Ilihakikisha tu kwamba yakirudi hayatarudi kirahisi.

Nje ya Marekani masimulizi haya yana mwendo tofauti. Peugeot 404, iliyosanifiwa na Pininfarina na kuanza kuuzwa mwaka 1960, ilikuwa na mapezi mafupi yaliyonyooka juu ya taa za nyuma. Katika Afrika Mashariki gari hilo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, likitumika pia kubeba abiria na mizigo katika barabara ambazo hazikusamehe bodi dhaifu. Sifa yake huko ilitokana na springi, injini na chesisi. Kama mapezi yake yalimkera mtu, hakuacha kulinunua kwa ajili hiyo. Naye Roy Brown, baada ya Edsel kuanguka, alihamishiwa Uingereza, ambako aliongoza usanifu wa Ford Cortina ya 1962. Ilikuwa gari jepesi la bei nafuu, lenye grili ya kawaida iliyolazwa na mikunjo miwili ya wastani ubavuni inayoishia nyuma kama kumbukumbu ya pezi. Zaidi ya milioni moja ziliuzwa kabla ya toleo la pili kuanza, na mwaka 1964 mojawapo ilishinda Safari.