Neva Iliyozimia Si Neva Iliyokatika

Neno "mishipa" tumelitwika mzigo mkubwa mno. Mshipa hupitisha damu. Mshipa hukaza shingoni mtu akilala vibaya. Mshipa wa ngiri ni maradhi. Na mgonjwa aliyepasuliwa mgongo Nairobi, akirudi kwao Mutomo au Kibwezi huku wayo mmoja haunyanyuki, naye huambiwa kwamba "ni mishipa". Basi jamaa mmoja anatafuta dawa ya damu, wa pili anamwita mkandaji, na wa tatu anakata tamaa kimyakimya, kwani kwake mshipa ulioharibika haurudi tena.

Kamusi zinatupa njia mbili za kutoka katika mkanganyiko huo: "mshipa wa fahamu" na "neva". Mimi nachagua neva bila kusita. Fahamu, katika masikio ya wengi, ni kuwa macho na akili timamu. Aliyezirai amepoteza fahamu. Ukimwambia mama mzee wa Mwingi kwamba mshipa wake wa fahamu umeumia, atahofia kichwa chake, ilhali shida iko kwenye kidole gumba cha mguu. Neva ni neno fupi, lina maana moja, na linaingia katika ngeli ya I-ZI bila taabu.

Lakini kusema "neva imeumia" hakutoshi. Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mpasuaji wa Kiingereza Herbert Seddon aligawa majeraha ya neva katika aina tatu, akazipa majina ya Kigiriki ambayo madaktari wanayatumia hadi leo. Tukiyatohoa majina hayo tutapata nurapraksia, aksonotimesisi na nurotimesisi, maneno ambayo hayamsaidii mtu yeyote kitandani. Napendekeza tuseme neva iliyozimia, neva iliyonyauka na neva iliyokatika.

Neva iliyozimia haijapasuka popote. Imebanwa au imevutwa, ikaacha kupitisha ujumbe, na kwa kawaida huzinduka yenyewe baada ya siku, wiki au miezi michache. Katika neva iliyonyauka, nyuzi za ndani zimekufa kuanzia pale ilipoumia hadi mwisho wake, lakini ganda limebaki, na nyuzi mpya huota zikilifuata ganda hilo kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kiunoni hadi wayoni ni karibu mita moja. Piga hesabu uone: ni zaidi ya miaka miwili, na misuli iliyokaa bila neva kwa mwaka na zaidi hudhoofika hadi ikashindwa kuipokea inapowasili. Neva iliyokatika, ganda na vyote, haiungani bila mkono wa mpasuaji, na hata hapo matokeo hayana uhakika.

Baada ya upasuaji wa mgongo, aina mbili za kwanza ndizo zinazoonekana zaidi. Mara nyingi diski au mfupa ulikuwa umeibana neva miezi mingi kabla ya kisu. Pengine ilivutwa kidogo wakati wa kazi, au uvimbe ukaizonga baadaye. Mtu aliyeambiwa "mishipa imekatika" na mtu aliyeambiwa "neva imezimia" wanaweza kuwa na mguu uleule usionyanyuka, champali ikiwavuka bila wao kuhisi. Ila wa kwanza atalala, na wa pili atafanya mazoezi. Hapo ndipo ninapoona uzito wa istilahi hizi. Mazoezi hayaharakishi sana kuota kwa neva, lakini huzuia kifundo kukakamaa na misuli kuisha kabla neva haijafika. Hospitali za rufaa za kaunti, Kitui mjini na Wote, zina idara za tiba ya viungo. Mgonjwa asisubiri kliniki ya Nairobi ndipo aanze.

Maumivu ya neva nayo yana lugha yake: kuwaka, kuchomachoma, kama kupigwa na umeme. Dawa za kawaida za maumivu huyagusa kidogo tu, ndiyo maana daktari huandika amitriptilini, gabapentini au pregabalini. Na ganzi ina hatari yake. Wayo uliokufa ganzi haujui moto. Kuukanda kwa maji yanayochemka, au kuuweka karibu na mafiga usiku wa baridi ya Julai, huleta kidonda kinachochukua miezi kupona. Maji yapimwe kwa kiwiko, na nyayo zikaguliwe kila jioni.

Kuna istilahi moja zaidi, na hii haina subira. Mwishoni mwa ugwe wa mgongo neva hutawanyika kwa wingi, na Kilatini huzilinganisha na mkia wa farasi. Mkia wa farasi ukibanwa, dalili moja kubwa huitwa na wataalamu ganzi ya tandiko. Tafsiri hiyo haifai Ukambani. Punda wa Kitui hubeba mitungi ya maji, wala si watu, na tandiko kwa wengi ni la kitanda. Tuseme waziwazi: ganzi katika sehemu zote zinazogusa kiti cha bodaboda, yaani katikati ya makalio, sehemu za siri na njia ya haja kubwa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Basi wewe uliyepasuliwa, au unayemuuguza aliyepasuliwa, uliza kabla ya kutoka wadini: neva yangu imezimia, imenyauka au imekatika? Na ukiwa nyumbani, mkojo ukifunga au ukitoka wenyewe, ganzi ile ya kitini ikianza, au miguu yote miwili ikilegea, usingoje tarehe ya kliniki wala kupambazuke. Tafuta gari usiku huohuo uende hospitali, kwa kuwa neva hizo huokolewa katika saa chache za mwanzo.